Ikweta kama Bidhaa: Uhakiki wa Riwaya ya Artemis ya Andy Weir

Utangulizi

Riwaya ya kisayansi imezoea kutendewa kama mgeni katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki. Wahakiki wengi huiona kuwa ni masimulizi ya kupitishia wakati, yafaayo vijana, yasiyoweza kubeba dhamira nzito kama zile za ukoloni, ardhi, matabaka na utamaduni. Dhana hiyo ina sababu zake. Riwaya nyingi za aina hiyo ziliandikwa na watu wa nchi zenye viwanda kwa ajili ya wasomaji wa nchi hizo, na Mwafrika hakuonekana ndani yake ila kwa nadra. Hata hivyo, dhana ikirithiwa bila kupimwa hugeuka kuwa uvivu wa fikra.

Yafaa kwanza kutofautisha matawi mawili ya riwaya hii. Tawi la kwanza huitumia sayansi kama pambo: chombo hupaa kwa kuwa mtunzi ametaka kipae, na msomaji haulizi zaidi. Tawi la pili hujifunga kwa kanuni za fizikia na kemia. Mtunzi wa tawi hili huruhusiwa kubuni watu, miji na mitambo, lakini haruhusiwi kubuni kanuni za maumbile. Akisema kwamba chombo kimeruka, hana budi kujua ni kwa nguvu gani. Akisema kwamba watu wanapumua, hana budi kueleza hewa inatoka wapi. Wasomaji wa tawi hili hufanya hesabu, nao humshika mtunzi anayekosea.

Riwaya ya Artemis, iliyochapishwa mwaka 2017, ni ya tawi hilo la pili. Mtunzi wake, Andy Weir, ni Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1972 na aliyefanya kazi ya kuandika programu za kompyuta kabla ya kupata sifa kwa riwaya yake ya The Martian, ambayo aliitoa mwenyewe mwaka 2011, ikachapishwa na kampuni mwaka 2014 na kufanywa filamu mwaka 2015. Artemis inahusu usafiri wa anga unaoendeshwa kibiashara, na ina jambo moja linaloifanya isiweze kupuuzwa nchini Kenya: mji wa kwanza wa Mwezini unaosimuliwa humo ni mali ya shirika la Kenya.

Makala haya yanakusudia kuipima Artemis kwa mizani yake yenyewe. Haitoshi kuilaumu kwamba imeandikwa na mgeni. Mgeni ana haki ya kuandika. Swali linaloulizwa hapa ni hili: mtunzi aliyeapa kuhesabu kila kitu, je, ameihesabu Kenya?

Kisa kwa ufupi

Mji wa Artemis una wakazi wapatao 2,000 wanaoishi ndani ya makuba matano yaliyopewa majina ya Wamarekani waliowahi kufika Mwezini: Armstrong, Aldrin, Bean, Conrad na Shepard. Matajiri hukaa sehemu zao na wachukuzi sehemu zao. Msimulizi ni Jazz Bashara, mwanamke kijana aliyezaliwa Saudia na kuletwa Mwezini akiwa na umri wa miaka sita. Baba yake, Ammar, ni fundi wa kuchomelea vyuma, mcha Mungu na mwaminifu katika kazi. Jazz mwenyewe ni mpagazi wa mizigo inayotoka Duniani, na kwa siri ni mfanyabiashara ya magendo.

Tajiri mmoja wa Kinorwe, Trond Landvik, anamkodi Jazz aharibu mashine nne za kampuni ya Sanches zinazokusanya mawe ya kuyeyushiwa aluminiamu. Kampuni hiyo ina mkataba muhimu kuliko aluminiamu yenyewe: huupa mji oksijeni, ambayo ni zao la pembeni la uyeyushaji, nayo hupewa umeme bila malipo. Jazz anakuja kugundua kwamba nyuma ya kampuni limejificha genge la wahalifu wa Brazili, na kwamba kinachogombaniwa hasa ni teknolojia mpya ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga bila kuupoteza, ambazo haziwezi kutengenezwa penye mvutano mkubwa kama wa Dunia. Landvik anauawa, Jazz anawindwa, na mwishowe hila anayoibuni pamoja na rafiki zake inazaa ajali ya kemikali inayokaribia kuuangamiza mji mzima.

Juu ya hao wote yuko msimamizi wa mji, Fidelis Ngugi, aliyekuwa waziri wa fedha wa Kenya. Ndiye aliyeanzisha Shirika la Anga la Kenya la humo riwayani, kwa kuyaambia makampuni ya dunia kwamba Kenya ina kitu wanachokihitaji, yaani ikweta, na kwamba haitawachosha kwa urasimu. Na chini kabisa, Duniani, yuko Kelvin Otieno, kijana wa Kenya ambaye Jazz ameandikiana naye barua tangu wote wawili wakiwa watoto.

Sayansi kama nguzo ya fani

Sifa ya kwanza ya Artemis ni nidhamu yake. Hewa ya mji ni oksijeni tupu yenye mgandamizo wa takriban sehemu moja ya tano tu ya ule wa Duniani. Mapafu yanatosheka, na kuta za makuba hazilazimiki kuwa nene kupita kiasi. Lakini mtunzi haachi jambo hilo hapo. Mgandamizo ukipungua, maji huchemka kwa joto dogo, na katika mji huo yanachemka kwa nyuzi 61. Kwa hiyo chai ya Artemis haiivi. Mpishi yeyote wa chai, awe wa Lamu au wa Kericho, ataelewa mara moja msiba huo, na kwa jambo hilo moja dogo atauamini mji wote.

Huu ndio ufundi wa tawi hili la riwaya. Usadikifu haujengwi kwa maelezo ya mambo makubwa, bali kwa kuyafuata matokeo ya jambo moja hadi jikoni. Vivyo hivyo mvutano wa Mwezi, ambao ni sehemu moja ya sita ya ule wa Dunia, hubadilisha namna watu wanavyopanda ngazi na namna mpagazi anavyobeba mzigo. Hata swali la Mwislamu aliye mbali na Dunia kuhusu mwelekeo wa kibla limefikiriwa, na limefikiriwa kwa heshima.

Mfano bora zaidi ni fedha. Katika Artemis watu hawalipani kwa shilingi wala kwa dola, bali kwa kipimo cha uchukuzi: kila kizio cha malipo ni gharama ya kufikisha gramu moja ya mzigo Mwezini ikiwa salama. Shirika la Anga la Kenya huuza huduma hiyo kabla, na watu hutumiana salio kwa vyombo vyao vya mkononi. Msomaji wa Kenya, aliyezoea kutumiana fedha kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hahitaji kuelezwa mara mbili. Lakini kuna jambo la zamani zaidi. Katika pwani ya Waswahili ya karne ya kumi na tisa, bidhaa za bara zilipimwa kwa frasila na kufikishwa kwa mabega ya wapagazi. Bei ya pembe ilipofika Bagamoyo au Mombasa ilikuwa kwa sehemu kubwa bei ya njia. Mtunzi, ambaye hadai kuijua historia hiyo, amefikia kwa njia ya hesabu ukweli ambao wapagazi waliujua kwa mgongo: penye safari ndefu, thamani ya kitu ni uzito wake na umbali wake. Si ajabu kwamba mhusika mkuu wa riwaya hii ni mpagazi.

Ikweta na bei yake

Kwa kuwa mtunzi ameweka mizani hiyo mwenyewe, hapana budi kuitumia juu ya nguzo kuu ya hadithi, yaani madai kwamba Kenya ilipata utawala wa safari za Mwezini kwa sababu ya ikweta.

Dunia huzunguka, na mtu aliyesimama penye ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa bila kujitaabisha. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo huanza safari ikiwa na kasi hiyo kama zawadi. Faida ipo, lakini ina kiasi chake. Ili chombo kibaki kikiizunguka Dunia karibu nayo, huhitaji kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kituo cha Cape Canaveral, kilicho mbali na ikweta kwa zaidi ya digrii 28, hupata kutoka kwa mzunguko huo takriban kilomita 1,470 kwa saa. Tofauti kati yake na ikweta ni kilomita 200 hivi, yaani chini ya asilimia 1 ya kasi yote inayotakiwa. Faida ni kubwa zaidi kwa satelaiti zinazopelekwa katika njia ya mzunguko iliyo juu ya ikweta yenyewe, lakini si faida ya kuliuzia taifa utawala wa Mwezi.

Historia yathibitisha hayo. Kampuni ya Sea Launch ilirusha roketi kutoka jukwaa linaloelea penye ikweta katika bahari ya Pasifiki kuanzia mwaka 1999 hadi 2014. Haikuhitaji kumwomba ruhusa waziri wa nchi yoyote ya ikweta, kwa sababu sehemu kubwa ya mstari huo iko baharini, na bahari kuu haina mwenyewe. Hata hivyo ikweta haikuiokoa kampuni hiyo isiombe ulinzi wa sheria ya muflisi mwaka 2009. Kwa upande mwingine, kampuni ya SpaceX, iliyoundwa mwaka 2002, ilifaulu mara ya kwanza tarehe 28 Septemba 2008 kwa kurusha roketi yake ndogo kutoka kisiwa cha Omelek katika Visiwa vya Marshall, karibu na ikweta. Lakini ilipokua ilihamishia kazi zake Florida na California, penye viwanda, mafundi na mikataba ya serikali. Ikweta ilikuwa ngazi ya kupandia, na ngazi huachwa ukutani.

Wazo la kuifanya ikweta kuwa hati ya kumiliki anga si geni katika fasihi ya Marekani. Mwaka 1950 Robert Heinlein alichapisha The Man Who Sold the Moon, hadithi ya mfanyabiashara anayetaka Mwezi uwe wake. Mhusika huyo hujenga hoja kwamba, maadamu mwenye ardhi anamiliki pia kilicho juu yake, basi Mwezi ni mali ya nchi za ukanda ambao Mwezi hupita juu yake moja kwa moja. Naye anakusudia kuzinunua haki hizo kwao. Hapo nchi za ikweta si watu. Ni saini zinazotafutwa chini ya hati.

Inafaa kukumbuka kwamba nchi zenyewe ziliwahi kusema kwa sauti yao. Tarehe 3 Desemba 1976, huko Bogotá, nchi nane za ikweta, Kenya, Uganda, Kongo na Zaire zikiwa miongoni mwao, zilitangaza kwamba sehemu za njia ya mzunguko zilizo juu ya nchi zao ni rasilimali yao ya asili. Tangazo hilo halikukubaliwa na mataifa yenye roketi. Lakini tofauti kati yake na hadithi ya Heinlein ni ya msingi: Bogotá, nchi hizo hazikuja kuuza, zilikuja kudai. Ngugi wa riwaya ya Weir anaikalia nafasi ya ajabu kati ya hayo mawili. Ana madaraka ambayo watu wa Bogotá waliyatamani, lakini ameyapata kwa njia ya mfanyabiashara wa Heinlein.

Gharama isiyoandikwa

Weir ni mwerevu kuliko kudai kwamba ikweta peke yake ilitosha. Ngugi wake anaongeza kitu cha pili, nacho ni wepesi wa sheria. Hapa ndipo hesabu ya mtunzi inapokatika. Kwa Mkataba wa Anga wa mwaka 1967, taifa hubeba dhamana ya kimataifa kwa shughuli za anga za makampuni yake ya binafsi kama kwa shughuli zake lenyewe. Na kwa Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972, taifa ambalo chombo kimerushwa kutoka katika ardhi yake huhesabiwa kuwa miongoni mwa warushaji, na hulipa madhara yatakayotokea juu ya uso wa Dunia bila kuulizwa kama lilikuwa na kosa. Kwa hiyo serikali inayoyafutia makampuni masharti haiyafuti masharti hayo. Inayahamishia kwa walipa kodi wake. Mtunzi anayejua ni gramu ngapi za hewa zinamtosha mtu hakujiuliza ni nani nchini Kenya atakayelipa roketi ikianguka.

Swali hilo si la kinadharia. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Katika fedha ya Artemis, mzigo wa kilo 500 ni utajiri wa gramu 500,000. Makueni ulikuwa ni hofu ya wanakijiji na kazi ya kulinda mahali palipoangukiwa. Riwaya inayofuata matokeo ya mgandamizo wa hewa hadi kwenye kikombe cha chai ingaliweza kuyafuata matokeo ya roketi hadi shambani.

Tena kuna Kenya iliyokuwapo kabla ya riwaya. Katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya San Marco na Santa Rita baharini, na kati ya mwaka 1967 na 1988 satelaiti tisa zilipelekwa angani kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani. Moja yao, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksi inayotoka katika nyota. Ikaitwa Uhuru. Neno la Kiswahili likaingia katika historia ya elimu ya nyota. Lakini roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Italia, na maarifa yaliyopatikana yalichambuliwa ng'ambo. Kenya ilitoa mahali na jina. Hali hiyo ndiyo Artemis inayoirudia bila kujua, ikiipamba kwa kuigeuza kuwa ushindi.

Wahusika wawili wa Kenya

Haitakuwa haki kusema kwamba mtunzi amewadharau Wakenya wake. Fidelis Ngugi ni miongoni mwa wahusika werevu kabisa wa riwaya. Hahurumiwi, hafundishwi wala haokolewi na mtu. Anawaendesha matajiri na wahalifu kwa utulivu wa mtu aliyezoea mabaraza, na anajua kwamba mji hauwezi kuendelea daima bila kodi na bila sheria. Mazungumzo yake ya mwisho na Jazz, anapoeleza jinsi uchumi unavyozaliwa, unavyokua na unavyozeeka, yana uzito kuliko mapambano yote yaliyotangulia. Katika fasihi ambayo kwa miaka mingi ilimtafutia Mwafrika kazi ya kubeba sanduku, si jambo dogo kumkuta mwanamke wa Kenya akiushika mji wa Mwezini mkononi mwake.

Kasoro ni kwamba Ngugi hana nyuma. Wahusika wengine wamepewa mahali pa kutoka: Ammar ana ufundi wake na dini yake, na mafundi wa Kivietinamu wanaosimamia hewa ya mji wanajulikana kwa mshikamano wao. Ngugi ana cheo. Haonekani akibishana na bunge, akijibu barua ya mtu wa Malindi, wala akikumbuka njia moja ya nyumbani. Kiswahili, lugha ya taifa linaloumiliki mji huo, hakipewi kazi yoyote katika masimulizi. Mji ni wa Kenya kama meli inavyokuwa ya nchi ambayo bendera yake imepandishwa mlingotini: mwenye meli, nahodha na shehena vinatoka kwingine.

Kelvin Otieno anatufikisha penye moyo wa kitabu. Barua anazoandikiana na Jazz zimewekwa kati ya sura, na kwa kuzisoma mtu anawaona watoto wawili wakikua. Kwa upande wa fani, ndizo sehemu zenye ufanisi mkubwa zaidi. Katika masimulizi yake, Jazz hufanya mzaha bila kupumzika, hata pale ambapo mzaha unamchosha msomaji. Katika barua hizo mzaha unapungua, kwa kuwa sasa ana mtu wa kumsikiliza. Waswahili wanaijua vyema nguvu ya waraka: mtu aliye mbali huandika yale asiyoweza kuyasema akiwa karibu. Hapo ndipo Jazz anapokuwa binadamu kamili.

Lakini msomaji na aangalie barua hizo zinamwacha wapi Kelvin. Mtoto aliyependa roketi anakuwa kijana mwenye shida za nyumbani, kisha mpakizi wa mizigo katika shirika la anga la nchi yake, kisha mshirika wa magendo. Uaminifu wake haupungui. Penye urafiki huo yeye ndiye mvumilivu zaidi. Hata hivyo yeye hapandi. Jazz, mgeni wa Saudia, ana mji wa Kenya. Kelvin, mwana wa Kenya, ana ghala. Kila sanduku la Jazz limepita mikononi mwake. Katika mji ambao fedha yake ni uchukuzi, mtu anayepakia mzigo ndiye anayetengeneza fedha, ilhali analipwa kwa siri.

Mtunzi hakuikusudia dhihaka hiyo, au kama aliikusudia hakuifuata. Kiasi cha 416,922 ambacho Jazz anakitamani tangu mwanzo kinadhihirika mwishoni kuwa ni deni la heshima: fidia ya karakana ya baba yake aliyoiunguza ujanani. Ni mwisho mzuri, na unaugusa moyo kwa sababu hesabu na dhamiri vimekutana katika tarakimu moja. Lakini deni la mji kwa yule anayeupakilia mizigo halina tarakimu. Hapo riwaya ya hesabu imeacha ukurasa mtupu.

Safari ya anga katika riwaya ya Kiswahili

Kwa kulinganisha, yafaa kutazama namna fasihi ya Kiswahili ilivyoitumia anga. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alijenga nchi nzima inayoelea hewani. Hakuwa na haja ya roketi, na mhakiki wa sayansi akitafuta humo hesabu atapoteza muda wake. Lakini safari zake zina kanuni ambayo Artemis haina. Wajumbe wanatumwa pande zote, mbinguni na ardhini zikiwamo, ili walete elimu. Na wanaporejea na elimu hiyo wanatiwa gerezani na wenye madaraka. Karama anapowatetea hao, swali linaloulizwa si ni nani aliyefika mbali, bali ni nani aliyenufaika kwa kufika kwake.

Katama Mkangi, mtunzi wa pwani ya Kenya, aliiendeleza kanuni hiyo katika Walenisi ya mwaka 1995. Dzombo anatoka katika nchi ya dhuluma kwa chombo cha angani na kuifikia jamii ambayo jina lake lenyewe ni hoja: wale ni sisi. Huko safari ya anga ni njia ya kujitazama. Msafiri hafiki ugenini. Anafika kwao, kama ambavyo kwao pangeweza kuwa.

Kwa hiyo kuna ghala mbili za urithi. Moja ina hesabu, nyingine ina swali. Riwaya ya Weir inamfundisha mtunzi wa Kiswahili kwamba usadikifu unapatikana kwa kufuata jambo hadi kwenye matokeo yake ya mwisho, na kwamba kanuni ya fizikia inaweza kuwa chanzo cha dhamira. Kusadikika na Walenisi zinamfundisha kwamba safari isiyorudi kwa waliobaki nyuma ni biashara tu. Mtunzi atakayeyaunganisha hayo mawili ataandika kitu ambacho bado hakijaandikwa.

Hitimisho

Hukumu juu ya Artemis haiwezi kuwa ya neno moja. Ni riwaya ya kusisimua, yenye nidhamu ya kisayansi ya kupigiwa mfano, na imethubutu kuiweka Kenya mahali ambapo watunzi wengine wa Magharibi hawakuifikiria. Kwa sababu hizo inastahili kusomwa na kufundishwa, na hata kutafsiriwa, kwani tafsiri yake ingekilazimisha Kiswahili kujipima na istilahi za kemia na uhunzi ndani ya masimulizi badala ya ndani ya orodha za msamiati.

Lakini kwa mizani iliyoiweka yenyewe, imepungukiwa. Imepima hewa, maji, joto, uzito na mwendo, ikaipokea Kenya bila kuipima, kama mstari uliochorwa kwenye ramani. Matokeo yake ni kwamba kile kinachodaiwa kuwa ushindi wa taifa ni ukodishaji wa mahali, na mhusika mwenye haki kubwa zaidi ya kuusimulia mji huo amepewa nafasi ya kuandika barua kati ya sura.

Swali hili litazidi kuwa kali kadiri miaka inavyokwenda. Satelaiti ya Taifa-1 ya Kenya ilifika angani tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX, kutoka California. Taifa lenye ikweta lilikwenda kupanga foleni ya abiria katika digrii 34 za kaskazini, likalipa nauli kama wengine. Waliosanifu satelaiti hiyo walikuwa wahandisi wa Kenya, na hao si Ngugi wala si Kelvin. Hawamo katika riwaya yoyote. Kisa chao kinamngoja mtunzi ambaye, akiandika kwamba roketi imeondoka Ngomeni, atajua bila kuuliza upepo wa kusi unavuma miezi gani, wavuvi wataambiwa nini siku hiyo, na mpakizi wa mzigo atalipwa kiasi gani.